Ukanda wa Maili Kumi na Jina la Mpwani



 

Juma lililopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia katika ofisi ya kamati mama mmoja wa mtaa wetu akiwa na mwanawe aliyetimiza miaka 18. Haja yao ilikuwa barua ya msikiti. Kijana alikuwa amekwenda kuomba kitambulisho cha taifa, akaulizwa babu yake alizaliwa wapi. Naye, kwa kuwa hakulelewa katika uongo, akajibu kwamba babu alizaliwa Moa, ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanga. Tangu siku hiyo amekuwa akitakiwa karatasi moja baada ya nyingine. Wenzake aliosoma nao darasa moja wamekwisha kupata vitambulisho, na mmoja wao amekwisha kupata kazi. Yeye angali anapanga foleni.

Mama alikuja na kopo la bati la biskuti, lile ambalo katika nyumba nyingi za Pwani ndilo kabati la nyaraka. Ndani yake mlikuwamo vyeti vinne vya ndoa, vya vizazi vitatu, vimezongwa katika kipande cha leso. Tulivitandaza mezani. Katika cheti cha baba wa babu, mbele ya neno kabila, karani aliandika Mvumba. Katika cha babu mwenyewe imeandikwa Mwarabu. Cha nduguye babu, mtoto wa baba mmoja na mama mmoja, kinasema Mdigo. Na cha baba wa kijana kinasema Mswahili.

Kijana alivisoma kimoja baada ya kimoja, kisha akauliza, "Mama, basi sisi ni watu gani?"

Mama akacheka kidogo, akatugeukia. "Ustadhi, mjibu mdogo wako."

Siku ile barua tulimpa, jibu hatukumpa. Tuliona haya, kwa kuwa watu waliotuweka katika nafasi hii hudhani kwamba aliyesoma chuoni ana jibu la kila swali. Tumelifikiria swali hilo kwa juma zima, na tumeona tulijibu hapa, kwa sababu kopo la namna hiyo halikosekani katika nyumba za wasomaji wetu wengi.

Mwambao huu ni wa kale. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuzi wamekuta mabaki ya misikiti ya tangu karne ya 8. Lakini mkazi wa zamani alijitaja kwa mji wake au kwa ukoo wake: Mwamu, Mpate, Mvumba. Neno pwani lilikuwa jina la mahali, pale maji yanapokupwa. Ili mahali hapo pazae watu wanaojiita Wapwani, na wanaoitwa hivyo na wengine, ilihitajika kwanza mtu aje na kamba ya kupimia.

Kamba hiyo ilikuja mwaka 1886. Uingereza, Ujerumani na Ufaransa ziliunda tume ya kuamua milki ya Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar inaishia wapi. Tume ilimwachia visiwa vyake, na juu ya bara ikamwachia ukanda wenye upana wa maili kumi za baharini, kuanzia Mto Miningani karibu na Ruvuma hadi Kipini, pamoja na miji michache ya kaskazini kama Kismayu, Barawa na Mogadishu. Maili hizo kumi hazikufuata mto, wala kilima, wala msitu wa kaya ya mtu yeyote. Mwenye shamba la minazi maili tisa kutoka ufukweni alikuwa raia wa Sultani; shemeji yake wa maili kumi na moja hakuwa wa mtu, yaani alikuwa akingoja kugawanywa. Na waliogawanywa hawakuulizwa, wa upande huu wala wa upande ule.

Katika mwaka huohuo Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari wa pili, unaotoka mlango wa Mto Umba na kwenda bara kupitia Ziwa Jipe na kuuzunguka Kilimanjaro. Mstari huu ndio uliowapasua Wadigo, Wasegeju na Wavumba. Vanga ikawa upande wa Waingereza, Moa upande wa Wajerumani, na kati yake ni safari fupi ya dau. Watu waliendelea kuozana, kuzikana na kusomeshana Qur'ani kana kwamba mstari haupo, na kwa muda mrefu kwa kweli haukuwapo isipokuwa katika ramani. Kwa hiyo babu kuzaliwa Moa halikuwa jambo la ajabu hata kidogo. Mama yake alikwenda kujifungulia kwao, kama wafanyavyo mabinti zetu hadi leo.

Hapa pana jambo ambalo tunaona halisemwi vya kutosha. Wajerumani mwaka 1890 walimlipa Sultani marki milioni 4, wakachukua sehemu yao ya ukanda moja kwa moja. Waingereza walipanga. Kwa mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895, uliofungwa na Sayyid Hamed bin Thuwaini, waliutawala ukanda kutoka Umba hadi Kipini kwa kodi ya kila mwaka, na mamlaka ya asili yakabaki kwa Sultani. Bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea juu ya Ngome ya Mombasa. Maliwali, mamudiri na makadhi wakabaki. Mwaka 1920 bara ilipotangazwa kuwa Koloni, ukanda ulipewa jina la Himaya, na wote wawili wakatawaliwa na gavana mmoja.

Basi linganisha, ewe msomaji, pwani moja yenye hatima mbili. Kule Tanga, ambako nyumba iliuzwa, hapakutokea baadaye chama cha kudai kwamba pwani si sehemu ya Tanganyika. Huku kwetu, ambako nyumba ilikodishwa, watu waliishi miaka 68 wakijua kwamba mwenye nyumba ni mwingine na mpangaji ni mwingine, na kila mara wakijiuliza kodi ikikoma itakuwaje. Hatusemi hiyo ndiyo sababu pekee. Lakini mtu anayeishi katika nyumba yenye hati ya mashaka hujifunza kujiuliza yeye ni nani mara nyingi kuliko mwenye hati safi.

Serikali nayo iliuliza, na jibu lilikuwa na bei. Chini ya sheria za kikoloni aliyeandikwa kuwa mwenyeji wa Afrika alilipa kodi ya kibanda. Aliyeandikwa Mwarabu hakuhesabiwa miongoni mwa wenyeji hao, na baadaye Waarabu walipewa hata haki ya kumchagua mjumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Waswahili wa mijini, waliokuwa wamesoma, kuoana na kufanya biashara pamoja na Waarabu kwa karne nyingi, walijikuta wameandikwa upande mwingine wa daftari. Basi wengi walitafuta nasaba. Wapo waliokuwa nayo kweli, na wapo waliojitengenezea.

Katika hali hiyo babu wa kijana wetu, aliyehamia mjini na kufanya kazi ya ukarani, akawa Mwarabu. Nduguye alibaki kijijini akilima shamba la mjomba. Kwa mila ya zamani ya Wadigo ukoo na mali vilipitia kwa mama, na mjomba ndiye aliyerithisha. Hivyo aliyekula shamba la mjomba akawa Mdigo. Wote wawili walisema kweli, kwani baba yao alikuwa Mvumba mwenye asili ya Kiarabu na mama yao Mdigo. Ila makaratasi hayakuwa na nafasi ya kweli mbili.

Hatuna haki ya kumcheka babu. Alikuwa na watoto wa kulisha. Lakini tukubali pia kwamba, ili dai lake likubaliwe, alilazimika kuthibitisha mbele ya Mzungu kwamba hafanani na ndugu yake.

Palipouma zaidi ni katika ardhi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wajitokeze kuyathibitisha, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji la Uingereza. Aliyejua kusoma, aliyekuwa na wakili, aliyekaa karibu na ofisi, alipata hati. Waarabu, Waswahili na Wahindi wengi walipata. Wamijikenda, ambao haki yao ilikaa katika kumbukumbu za wazee na katika miti ya kaya, kwa sehemu kubwa hawakupata kitu, na wajukuu wao wakaja kuitwa maskwota katika ardhi ambayo babu zao wamezikwa. Wadigo ni Waislamu kwa wingi wao. Walisali safu moja na waliopata hati. Safu ilikuwa moja, daftari la ardhi halikuwa moja.

Jina Mijikenda lenyewe ni zao la mvutano huohuo. Zamani watu wa Pwani wa mijini waliwaita jirani zao Wanyika, yaani watu wa porini, na Waingereza wakalichukua neno hilo kama lilivyo. Katika miaka ya 1940 wenyewe walijiundia umoja na kujiita Mijikenda, makabila tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Waribe na Wajibana. Mtu anaweza kudhani jina hilo ni la kale kama kaya zenyewe. Ni changa kuliko baadhi ya bibi zetu.

Hivyo ulipofika wakati wa uhuru, ukanda mmoja ulikuwa na watu wenye majina mawili makubwa na kumbukumbu mbili. Wengi katika Waarabu na Waswahili walitaka Mwambao ujitawale, au urudi kwa Zanzibar. Hoja yao ilikuwa ya kisheria, na ilikuwa nzito: mkataba wa 1895 ulifungwa na Sultani, na Kenya haikuwa upande katika mkataba huo. Ronald Ngala na wafuasi wake wa Kimijikenda walitaka Pwani iwe jimbo ndani ya Kenya lenye mamlaka yake. Nao waliuliza swali ambalo watu wa Mwambao hawakuwa na jibu lake: katika nchi hiyo yenu, sisi tulio wengi tutakuwa nani?

Sir James Robertson, aliyetumwa mwaka 1961 kuchunguza, alipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya kabla ya uhuru, pamoja na dhamana kwa Waislamu. Tumesikia wazee wakilaumu hila za Mwingereza. Hila zilikuwapo. Lakini lau Mdigo wa Kwale na Mgiriama wa Malindi wangaliiona Mwambao kuwa ni nchi yao pia, Robertson angalikuta habari nyingine. Hatukufika huko, na sababu ilikuwa katika yale madaftari.

Yaliyobaki yamo katika barua zilizoandikiana Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, tarehe 5 Oktoba 1963, siku tatu kabla ya mkataba wa mwisho kutiwa saini mjini London. Ziliahidi uhuru wa dini; mahakama za kadhi zidumu; watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu; maofisa wa utawala katika sehemu zenye Waislamu wengi wawe Waislamu kadiri itakavyowezekana; na hati za ardhi zilizosajiliwa ziheshimiwe. Soma tena ahadi ile ya mwisho. Aliyekuwa na hati alilindwa. Asiyekuwa nayo hakutajwa. Bendera nyekundu ikashushwa, Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi yakamwondoa Sultani mwenyewe. Majimbo nayo yakafutwa mwaka huohuo. Wote wawili, wa Mwambao na wa majimbo, wakawa wameshindwa, na kushindwa pamoja ndiko kulikoanza kuwafanya wawe kitu kimoja kinachoitwa Wapwani.

Tunasema kulianza, kwa kuwa hakujakamilika. Mwana wa Kilifi na mwana wa Lamu wakikutana Nairobi leo huitana ndugu wa Pwani. Wakirejea nyumbani kila mmoja hukumbuka babu wa mwenzake alivyomwita babu yake.

Katika ahadi zile, iliyotufikia ikiwa nzima zaidi ni mahakama ya kadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kadhi mamlaka katika mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale wahusika wote wanapokuwa Waislamu na kukubali mamlaka hayo. Akina mama wanaosoma kurasa hizi wanajua maana yake bila ya sisi kueleza. Mjane anayenyang'anywa nyumba na mashemeji hahitaji kujua ni nani alikuwa Sultani mwaka 1895, ila mlango anaoubisha ulijengwa mwaka huo. Nao umefunguliwa kwa Waislamu wa nchi nzima. Mkazi wa Garissa na mkazi wa Kisumu, wasio na uhusiano wowote na maili kumi, hurithishwa kwa haki iliyotokana na ukanda wetu. Lile walilopigania wachache kama fungu la jirani mmoja lilikuja kuwa la umma.

Na hapa ndipo tunapoona pana jambo la dini, si la historia tu. Watu wa Madina waliitwa Ansari kwa sababu walinusuru, na waliotoka Makka waliitwa Muhajirina kwa sababu walihama. Ni majina mazuri. Qur'ani imeyataja kwa sifa. Hata hivyo, katika vita kimoja mtu wa Muhajirina alimpiga mtu wa Ansari, huyu akawaita Ansari wenziwe na yule akawaita Muhajirina wenziwe, na Mtume (SAW) akatoka akiuliza kuna nini cha kuitana kijahiliya, akawaamuru wauache wito huo kwa kuwa unanuka. Jabir bin Abdillah (RA) ameipokea habari hii, nayo imo katika Bukhari. Majina hayakufutwa, Ansari walibaki Ansari hadi kufa kwao. Kilichokatazwa ni kulitumia jina kama rungu. Nayo aya ya 13 ya Surat al-Hujurat inatufahamisha kuwa kufanywa kwetu mataifa na makabila kuna kusudio, nalo ni kujuana.

Tuliwaona vijana wetu miaka michache iliyopita wakiandika kutani kwamba Pwani si Kenya. Kundi lililoongoza wito huo, Mombasa Republican Council, lilipigwa marufuku mwaka 2010 na Mahakama Kuu mjini Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2012. Malalamiko yao juu ya ardhi, kazi na vitambulisho tunayajua, na kijana wetu wa kopo la biskuti ni shahidi. Ila tuliwauliza baadhi yao, kwa faragha, katika baraza la msikiti: huyo Mpwani ni nani? Mmoja alimtoa Mkamba aliyezaliwa Changamwe. Wa pili alimtoa Mgiriama asiye Mwislamu. Wa tatu alimtoa mwenye hati za 1908. Kufikia magharibi Pwani ilikuwa imebaki na watu wachache mno, na waliobaki walikuwa wajukuu wa watu wa Moa, ambao ofisi ya vitambulisho inasema si Wakenya.

Kwa hiyo jibu tulilompa kijana, aliporudi na mama yake siku ya Jumanne, lilikuwa hili. Vyeti vyote vinne ni vyake. Yeye ni Mvumba kwa babu mkubwa, Mdigo kwa bibi mkubwa, Mwarabu kwa karatasi na pengine kwa damu, Mswahili kwa ulimi, na Mkenya kwa kuzaliwa, hata kama karani bado hajaridhika. Asikubali kuchaguliwa kimoja na mtu mwenye muhuri, na asimkatalie mwingine kwa jina lolote kati ya hayo. Tulimwambia pia kwamba nduguye babu yake, yule Mdigo, alikufa bila hati ya shamba lake, na kwamba watoto wake wangali hapo Lunga Lunga. Mama alitutazama kwa ukali kidogo. Nadhani hakutaka yasemwe yote. Kijana aliuliza kama anaweza kwenda kuwaona.

Jambo la karatasi lingalipo. Ofisi sasa inataka ushahidi kwamba baba wa babu aliishi upande wa Vanga kabla ya uhuru. Tumemwandikia imamu mmoja wa Moa atuulizie wazee, na Jumamosi insha'Allah mama na mwanawe watavuka Horohoro kwenda kumwona. Msomaji yeyote wa Vanga, Jimbo, Jasini au Moa aliye na vyeti vya ndoa, risiti za kodi au barua za mahakama ya kadhi za kabla ya mwaka 1963 tunamwomba azitoe zilipo, azianike kivulini zisile nondo, na atuletee nakala katika ofisi ya kamati baada ya sala ya Alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Familia zinazongoja mtaani kwetu si hii moja tu.

Wabillahi tawfiq.